Kung'oa madirisha ya chuma na kuweka ya aluminiamu: kazi iko ukutani

Dirisha la chuma kwenye nyumba ya pwani huanza kuoza kwa chini. Maji ya mvua, pamoja na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, hukaa juu ya chuma cha chini cha fremu. Puti iliyozeeka inapasuka, maji yanapita nyuma yake, na kutu inaanzia mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana kioo hupata ufa kuanzia kwenye kona bila kupigwa na mtu, na lipu (wengine huita plasta) ya ukingo hubanduka kana kwamba kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani. Kinaisukuma kweli. Mwenye nyumba anabadilisha kioo, na kabla ya masika mengine kioo kipya nacho kimepata ufa palepale, kwa sababu kilichopasua cha kwanza bado kimo ndani ya fremu.

Nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina madirisha haya: fremu nyembamba ya chuma, vipande vinavyofunguka kwa nje kwa bawaba, kioo cha milimita 3 au 4 kilichoshikwa kwa puti, na nondo upande wa ndani. Siku hizi karibu kila anayekarabati anataka aluminiamu. Sawa. Ila madirisha mapya yanayovuja mara nyingi hayana tatizo la aluminiamu. Tatizo liko kwenye milimita chache kati ya fremu na ukuta, na kwenye kipimo kilichochukuliwa kabla lipu haijatolewa. Kwa hiyo hapa rangi na mitindo nitaipitia haraka, ukuta ndio nitakaokaa nao.

Kwanza hakikisha lazima ling'olewe

Chukua bisibisi bapa uchome chuma cha chini, hasa kwenye kona mbili. Ikigonga chuma kigumu chini ya kutu ya juujuu, dirisha hilo linatengenezeka: brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha puti mpya. Ikizama au ikitoka upande wa pili, lakini ni sehemu ya sentimita 20 au 30 tu, mchomeleaji anaweza kukata kipande hicho na kuunga kingine. Dirisha linalostahili kung'olewa ni lile lililooza chini pote, lililopinda kiasi kwamba kipande cha kufunguka hakifungi, au ambalo bawaba zake zimeliwa.

Ukiamua kutengeneza, angalia puti unayonunua. Puti ya kawaida ya mafuta ya kitani imekusudiwa mbao, kwa sababu mbao hunyonya sehemu ya mafuta na puti inakauka. Chuma hakinyonyi kitu, hivyo puti hiyo hubaki laini muda mrefu halafu hujitenga. Ipo puti ya madirisha ya chuma. Itaje hivyo dukani. Kilo 1 hutosha takriban mita 4 hadi 5 za ukingo ukihesabu ya kulazia kioo na ya kufungia mbele. Iache ishike kwanza, wiki moja hadi mbili, ndipo upake rangi, na rangi ipande juu ya kioo milimita 2 kupita mwisho wa puti. Mstari huo mwembamba ndio unaozuia maji yasiingie nyuma ya puti, na ndio ambao mafundi wengi hukwangua kwa wembe ili kioo kionekane safi.

Utapoteza hewa kiasi gani

Hili huulizwa baada ya kulipa, wakati lilitakiwa liulizwe kabla. Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote. Dirisha la kusukuma pembeni kwenye reli, lile ambalo karakana nyingi hutengeneza kama kawaida yao, hufunguka nusu tu, maana kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine. Chukua uwazi wa mita 1.5 kwa mita 1.2, yaani mita za mraba 1.8. Kwa bawaba, ukitoa unene wa fremu, unapata zaidi ya mita za mraba 1.5 za hewa. Kwa reli unapata kama 0.8. Chumba cha kulala Tanga mwezi wa Februari kitakueleza tofauti hiyo usiku wa kwanza.

Aluminiamu ya bawaba ipo pia na inatengenezwa na karakana hizohizo. Bei yake iko juu kidogo kwa sababu ya bawaba na vitasa, na inahitaji nondo zikae ndani, si nje. Kwa vyumba vya kulala ningechagua hiyo. Sebuleni, penye madirisha makubwa mawili yanayotazamana, reli haina ubaya. Ukichagua reli na unataka wavu wa mbu unaosogea, agiza fremu ya reli tatu tangu mwanzo. Wavu hauongezwi vizuri baadaye kwenye fremu ya reli mbili, utaishia kufungwa kwa skrubu upande wa nje na kuwa kitu cha kung'oa kila unapotaka kusafisha kioo.

Kuhusu nyenzo, pima unene wa ukuta wa aluminiamu kwa kifaa cha kupimia, usikubali maneno. Milimita 1.2 ndiyo ya kuanzia kwa dirisha la kawaida. Zipo za milimita 0.8 ambazo ukikaza skrubu kona inabonyea. Rangi ya unga iliyookwa iwe na wastani wa maikroni 60, na karibu na bahari usishuke hapo. Kioo cha milimita 5 kinatosha kwa kipande cha kusukuma cha kawaida, milimita 6 kwa kikubwa. Uzito wa kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 5 ni kilo 12.5, na vigurudumu vya chini vinapaswa kubeba hizo kila siku. Palipo na kioo kinachoshuka hadi karibu na sakafu, chini ya usawa wa sentimita 80, weka kioo kilichoimarishwa kwa moto au kile cha tabaka mbili zilizogandishwa. Kioo cha moto hakikatwi tena baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo kipimo chake hakina msamaha.

Nondo

Kabla ya kitu chochote, angalia nondo zimeshikwa wapi. Zikiwa zimechomelewa kwenye fremu yenyewe, ukikata fremu nondo nazo zimekwenda, na nyumba iko wazi hadi uweke nyingine. Zikiwa zimepigwa ukutani peke yake, unaweza kuziacha na kufanya kazi ukiwa nje, ingawa kung'oa ni kugumu zaidi kwa sababu huwezi kuvuta fremu kwa ndani. Mara nyingi ni bora kuzitoa, kuzipiga rangi, na kuzirudisha kwa boliti ndefu badala ya kuzifukia upya kwenye lipu. Na kama unazitengeneza upya, chumba cha kulala kiwe na angalau nondo za dirisha moja zinazofunguka kwa ndani kwa kufuli ambalo ufunguo wake una mahali pake karibu. Moto ukizuka koridoni, dirisha ndiyo njia.

Panga kazi kwa chumba, si kwa nyumba nzima. Madirisha mawili au matatu kwa siku, na kila jioni kila uwazi uwe umefungwa kwa fremu mpya au kwa nondo. Fundi anayependa kung'oa yote siku ya kwanza "ili tumalize mapema bosi" anakuachia wewe ulinzi wa usiku. Majira mazuri pwani ni Januari na Februari, au kuanzia Juni mvua zikishakata. Masika inapoingia, upepo wa kusi husukuma mvua moja kwa moja kwenye kuta zinazotazama baharini, na silikoni haishiki kwenye ukuta uliolowa. Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, omba kibali kwa mamlaka ya uhifadhi kabla ya kubadilisha dirisha lolote linaloonekana nje. Huko aluminiamu si suala la ladha.

Kupima

Fundi wa karakana huja na tepu, anapima fremu ya zamani ukingo kwa ukingo, anaondoka. Kipimo hicho ni cha kile kinachoonekana. Fremu ya chuma imefukiwa ndani ya lipu kwa milimita 10 hadi 20 kila upande, na nyuma yake kunaweza kuwa na tofali lililovunjika, pengo, au zege lililojazwa ovyo. Ukiagiza kwa kipimo hicho, mambo ni mawili: dirisha linakuwa kubwa na fundi anachonga tofali, au linakuwa dogo na pengo la sentimita tatu linajazwa silikoni. La pili ndilo la kawaida zaidi, na ndilo linalovuja.

Njia ya kufuata: chagua dirisha moja, bora la stoo au jikoni, chonga lipu kwa ndani kwenye pande zote nne hadi uone ukingo wa chuma na tofali. Sasa unajua nyumba hii ilijengwa vipi. Nyumba yenye madirisha ya aina moja huwa na tabia moja, lakini usidhani vipimo ni sawa. Kila uwazi upimwe peke yake.

Upana pima mara tatu: juu, katikati, chini. Urefu pima mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Chukua kidogo kabisa katika kila kundi, halafu toa milimita 10, ili kila upande ubaki na pengo la milimita 5. Tuseme upana umetoka 1520, 1516 na 1522, urefu 1214, 1210 na 1212. Unaagiza 1506 kwa 1200. Kisha pima kona kwa kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Ukipata 1938 na 1943, tofauti ya milimita 5, uwazi huo unafaa. Tofauti ikizidi milimita 10, usiagize dirisha lililopinda kufuata ukuta uliopinda. Nyoosha ukuta kwanza kwa lipu, upime tena. Andika vipimo kwa milimita, upana kwanza, na utie alama ya dirisha hilo ukutani kwa penseli: D1, D2. Karakana zinachanganya.

Kung'oa

Vitu vya kuwa navyo: grainda ya milimita 115, diski nyembamba za chuma za milimita 1 (tenga tatu au nne kwa dirisha moja), diski moja ya almasi ya kukatia lipu, tindo pana na tindo nyembamba, nyundo ya kilo 1.5, mtaimbo mfupi, brashi ya waya, turubai mbili, tepu ya karatasi, glavu za ngozi, miwani ya kinga na barakoa ya vumbi. Miwani si ya picha. Diski ya milimita 1 ikibanwa kwenye chuma kinacholegea hupasuka vipande.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na baadhi ya puti za zamani ziliwahi kuchanganywa na asbesto. Usizipige msasa zikiwa kavu, usizichome kwa moto. Nyunyizia maji, kwangua, kusanya mabaki kwenye mfuko, na watoto wakae mbali na turubai hadi ikunjwe.

Anza kwa kuangalia juu. Kwenye nyumba iliyojengwa vizuri, lenta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, ndiyo inayobeba ukuta na fremu haibebi kitu. Lakini kwenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, au vyumba vilivyoongezwa kienyeji, lenta inaweza kuwa haipo. Dalili ni fremu iliyobonyea katikati kwa juu, au nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka kona za juu. Ukiziona, simamisha kazi, weka nguzo za kushikilia pande zote mbili, na umwite anayejua ujenzi. Hapo tatizo lako si dirisha tena.

Kama juu pako sawa, tandika turubai ndani na nje, funika sakafu na samani. Funika pia madirisha ya jirani na gari lililoegeshwa karibu: cheche za grainda zikitua kwenye kioo hujichoma ndani yake, na vidoa hivyo havitoki kwa kusugua. Zikitua kwenye vigae vyeupe zinakaa kimya wiki moja halafu zinatoa madoa ya kutu.

Toa vipande vya kufunguka kwanza, kwa kukata pini za bawaba huku mtu wa pili amekishika kwa nje. Kisha kioo. Puti iliyokauka hutoka kwa tindo ya zamani na nyundo ndogo, ukielekeza tindo sambamba na kioo. Chini yake kuna vibano vidogo vya waya, vitoe kwa koleo. Kioo kisichotoka bila kuvunjika kibandike tepu ya karatasi kwa msalaba na mistari kadhaa pande zote mbili, kifunike kwa kitambaa kizito, kigonge kikaangukie turubai. Kuhangaika nusu saa kuokoa kioo cha milimita 3 chenye ufa ni njia ya kwenda kushonwa mkono.

Sasa lipu. Pitisha diski ya almasi kuzunguka fremu, ndani na nje, sentimita 2 kutoka kwenye chuma, kina cha unene wa lipu tu. Mstari huo ndio unaozuia lipu isibanduke na kipande cha nusu mita ukutani. Chonga kilichobaki kati ya mstari na chuma.

Fremu imeshikwa ukutani kwa mikia ya chuma iliyogawanyika mwishoni na kufukiwa kwenye zege. Dirisha la urefu wa mita 1.2 kwa kawaida lina mikia miwili kila upande, na pana linaweza kuwa nayo juu na chini. Utaiona baada ya kuchonga lipu. Penye mkia, zege huwa na rangi tofauti, na mara nyingi pana doa la kutu. Usiivute. Mkia ukivutwa hutoka na nusu ya tofali. Ukate kwa grainda ukiwa sawa na uso wa tofali, ubaki humo.

Kata chuma cha kati, kisha kata kila upande wa fremu sehemu moja katikati ya mikia. Weka mtaimbo kwenye mkato, vuta kuelekea katikati ya uwazi, na chuma kitakunjika kuingia ndani. Anza na pande mbili za wima, kisha chini, juu mwisho. Dirisha moja la kawaida, watu wawili, ni saa moja na nusu hadi mbili likiwa halina ubishi. Chuma unaweza kumuuzia mnunuzi wa chakavu. Vioo na puti havitaki, tafuta pa kuvitupa mapema.

Ncha za mikia iliyobaki zipigwe brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya kufunikwa. Ukiruka hatua hii, kutu itaendelea chini ya lipu mpya na baada ya miaka michache ukuta utatoa vimbe mahali panne, palepale mikia ilipokuwa.

Kuandaa uwazi

Hapa ndipo kazi inapoharibiwa kwa haraka. Ondoa vumbi lote, lowesha tofali, kisha jaza mapengo na kunyoosha pande kwa mchanganyiko wa sementi 1 kwa mchanga 4. Pande za wima zipigwe timazi, chini papigwe pima maji. Kizingiti cha chini ndicho muhimu kuliko vyote: sehemu itakayokaa fremu iwe bapa kabisa, lakini kuanzia ukingo wa fremu kwenda nje kiwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 10, kwa mchanganyiko mkali zaidi wa 1 kwa 3. Kitokeze nje ya ukuta sentimita 4 au 5, na chini yake, sentimita 2 kutoka kwenye ncha, pawe na mchirizi wa upana wa milimita 10. Maji yakifika hapo yanadondoka badala ya kurudi ukutani. Vizingiti vingi vya zamani vinateremka kuelekea ndani kwa sababu fremu ya chuma ilikuwa inaficha kosa hilo. Aluminiamu haitaficha.

Mwagilia lipu hiyo asubuhi na jioni siku tatu au nne, kisha iache ikauke. Fremu isubiri nje ya njia. Sementi mbichi ni kali kwa aluminiamu. Tone likikauka juu yake linaacha doa la kijivu lisilofutika. Ndiyo sababu sikubaliani na utaratibu wa kufunga fremu kwanza na kupiga lipu baadaye, hata ikiwa imefunikwa tepu. Asidi ya kusafishia vigae nayo inakula aluminiamu vilevile. Mafundi wa vigae wamalize na kuondoka kwanza.

Kufunga

Weka fremu juu ya vipande vya plastiki vya unene wa milimita 5, viwili chini ya nguzo za pembeni na kimoja chini ya katikati kama upana unazidi mita 1.2. Usitumie vipande vya mbao. Vinanyonya maji, na mchwa watavipata. Panga fremu kwa pima maji na timazi, ukague mishazari tena, kisha ibane kwa kabari.

Skrubu ziwe za stenlesi. Ya chuma cha kawaida ikigusa aluminiamu kwenye hewa ya chumvi huila, na unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu ndiyo dalili. Ukubwa wa milimita 8 kwa urefu wa 100 na fisha yake (plagi inayoingizwa kwenye tundu la ukuta) unafaa kwa tofali la sementi. Ndani ya tofali lenyewe, bila kuhesabu lipu, iingie angalau milimita 50. Ya kwanza iwe milimita 150 kutoka kwenye kona, na zinazofuata zisizidi milimita 600 kati yake. Kwa ukuta wa mawe ya matumbawe, toboa bila kugongesha drili, tumia fisha ndefu zaidi, na ukiona unga mtupu unatoka, hama sentimita 5 badala ya kutumaini.

Usitoboe reli ya chini. Kila tundu pale ni njia ya maji kuingia ukutani, kwani reli hiyo hukusanya maji kwa kawaida yake na kuyatoa kwa matundu madogo yaliyo upande wa nje. Shika fremu kwa pembeni na juu. Chini ilale kwenye vipande vyake na silikoni. Hayo matundu ya kutolea maji yahesabu kabla fremu haijafungwa: yakikosekana, rudisha karakana. Yakiwepo, mwambie anayepiga silikoni asiyazibe. Atayaziba.

Kila skrubu ikaze hadi ishike, si zaidi, na mahali pa kila skrubu weka kipande cha plastiki kujaza pengo. Ukikaza juu ya pengo tupu, fremu inavutwa kuelekea ukutani. Baada ya kukaza zote, pima upana juu, katikati na chini. Tofauti ikizidi milimita 2, legeza na urudie. Kipande cha kusukuma kinachokwama katikati ya safari yake kwa kawaida ni fremu iliyovutwa hivyo, na fundi hukimbilia kuongeza mafuta.

Weka vipande vya kusukuma, rekebisha vigurudumu kwa skrubu iliyo chini pembeni, kisha ufanye jaribio la mwizi: simama nje, dirisha likiwa limefungwa, inua kipande kwa mikono miwili. Kikitoka kwenye reli ya chini, kitasa hakina maana. Kuna vizuizi vya plastiki vinavyofungwa juu, ndani ya reli, kuzuia kuinuliwa. Bei yake ni ndogo sana na hukosekana mara nyingi.

Silikoni

Nunua ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka. Haishiki vizuri kwenye sementi na inachokoza chuma. Mrija wa mililita 300, kwa mshono wa milimita 6 kwa 6, unakwenda kama mita 8. Dirisha letu la 1506 kwa 1200 lina mzunguko wa karibu mita 5.4, ndani na nje 10.8, hivyo mrija mmoja hautoshi. Hesabu mitatu kwa madirisha mawili na mmoja wa akiba. Fundi akikuomba mitano kwa dirisha moja, nenda kaangalie mapengo, kuna mahali panajazwa kisichopaswa kujazwa.

Pengo lisafishwe kwa brashi kavu, liwe halina unyevu. Kwenye pengo la zaidi ya milimita 6 ingiza kwanza kamba ya povu, ili silikoni ishike pande mbili tu, fremu na ukuta. Ikishika na nyuma pia haiwezi kuvutika, na aluminiamu inayotanuka kwa jua la saa nane itaichana. Povu la kopo linafaa kujaza ndani ya pengo, lakini halizuii maji na jua hulila. Likatwe na kufunikwa. Rangi ya ukuta haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo ukuta upakwe kabla, au upande wa ndani utumie akriliki inayopokea rangi. Karatasi ya plastiki inayolinda aluminiamu iondolewe wiki hiyohiyo. Ikikaa juani miezi mitatu inabaki imegandia na hutoka kwa kucha.

Jaribio la maji

Silikoni hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku, basi ngoja siku tatu. Kisha chukua mpira wa bustani, mtu mmoja nje, mwingine ndani na tochi. Anza chini: mwagia kizingiti pekee kwa dakika tano. Kisha pande za wima, dakika tano kila upande. Juu mwisho. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Maji yakionekana kwenye kona ya chini kwa ndani, chunguza kwanza matundu ya reli, halafu maungio ya kona za fremu yenyewe, ambayo karakana ilipaswa kuyaziba kabla ya kuyakaza. Ukuta uwe wa tatu. Yakitokea kwenye lipu chini ya dirisha, sentimita kadhaa mbali na fremu, ni kizingiti au ufa wa ukuta, na kuongeza silikoni kwenye fremu hakutabadilisha chochote. Malipo ya mwisho ya fundi yakae mfukoni hadi jaribio hili lipite kwenye kila dirisha, hata lile la stoo.